Boriti za Rufiji na Ubaridi wa Nyumba

Aingiaye katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu huona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake hukaribia mita mbili na nusu au tatu, na ni nadra kupindukia hapo. Si kwamba waashi walikosa nafasi au hawakupenda fahari. Waliongozwa na boriti, mti wa mkoko uliolazwa toka ukuta hadi ukuta ili ubebe dari na sakafu ya juu. Kadiri boriti iwezavyo kubeba mawe na chokaa bila ya kupinda, ndivyo chumba kilivyokuwa kipana. Boriti hizo zilitoka katika visiwa vya Lamu na katika delta ya mto Rufiji.

Historia ya ubaridi wa nyumba zetu imefungamana na mti huo. Makala haya yanakusudia kuifuata tangu zama za boriti hadi leo, ambapo ubaridi huletwa na waya. Kwani mara zote mbili njia inaturudisha kwenye mto ule ule.

Tuanze Umwe. Umwe imo Ikwiriri, wilayani Rufiji, upande wa kaskazini wa mto, kabla ya maji kugawanyika na kuingia katika delta ambayo sasa imo katika wilaya ya Kibiti. Wakulima wa bonde hilo hawakujenga kwa mawe. Walifuata mafuriko ili wapande mpunga, na ndani ya mashamba wakajenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Dungu liliwaepusha na maji, likawapa mahali pa kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, na upepo ukapita juu na chini ya sakafu yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wengi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu, upande wa kaskazini. Kukaa pamoja kulikusudiwa kuwaletea shule, zahanati na barabara. Lakini dungu lilibaki shambani, na nyumba ya chini ikawa makao ya kudumu. Polepole makuti yakaipisha bati. Bati halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ila mchana humshushia joto lote la jua aliye chini yake.

Huko deltani, msitu wa mikoko wenye hekta zipatazo 50,000 ulikuwa ghala la miti ya nchi zisizokuwa na miti. Wakataji waliingia maji yalipotoka, wakakata na kuchagua kwa unene: boriti, mazio, pau na fito. Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Majahazi ya Kuwait, Oman na Uajemi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaingia nalo Rufiji, na akaeleza taabu waliyoipata mabaharia kwa joto, tope na mbu.

Boriti zilipofika Ghuba ziliitwa chandal. Zililazwa juu ya kuta, zikafunikwa mikeka na udongo mnene uliozuia jua. Katika miji kama Dubai zilisimamisha pia barjil, mnara wa upepo. Mnara huo una midomo pande nne. Upepo unaopiga upande mmoja huteremka hadi chumbani, na hewa ya moto hupanda na kutokea upande mwingine. Unguja hatukuwa na barjil, lakini tulikuwa na kuta nene, vichochoro vyenye kivuli, ua wa ndani na madirisha marefu. Hata Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 aliizungushia baraza pana kila ghorofa, ili jua lisiuguse ukuta.

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kwa sababu karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea, na rangi hazikutua mahali pake. Chombo kilichokusudiwa kuhifadhi karatasi kikaja kuhifadhi watu. Kuwait ilipoanza kusafirisha mafuta mwaka 1946, fedha zilizopatikana zilileta zege, nondo na umeme, na hatimaye kiyoyozi cha nyumba nzima.

Inafaa tukitazame kiyoyozi hicho kinavyofungwa, maana ufungaji wake ndio uliobadili ujenzi. Nje huwekwa kompresa na feni ya kutupa joto. Ndani huwekwa koili ya baridi na feni ya kusukuma hewa. Mifereji ya bati hupitishwa juu ya dari ya pili na kutoa tawi kwa kila chumba. Fundi umeme huupa mtambo waya wake peke yake, wenye breka yake, na swichi ya kukatia iliyo karibu na kompresa. Kisha huvuta waya mwembamba wa nguvu ndogo hadi kwenye themostati ukutani, ambayo ndiyo huamuru mtambo uwake au uzime. Baada ya hayo yote sharti madirisha yafungwe. Nyumba ya barjil iliishi kwa kufunguliwa. Hii huishi kwa kufungwa. Zege halikuhitaji boriti, na minara ya upepo ikageuka pambo. Soko likafifia, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje. Waswahili wengi waliohamia Oman, hasa baada ya mwaka 1970, waliikuta nchi ikianza kujenga nyumba za namna hiyo.

Viyoyozi vimefika Mji Mkongwe pia. Dari ya boriti haina nafasi ya kuficha mifereji, hivyo wengi hufunga mashine ndogo ndogo, chumba kimoja kimoja. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji na madirisha yakafungwa, unyevu hunaswa ndani, chokaa ikaharibika na ncha za boriti zikaoza. Isitoshe, umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Ulipokatika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 takriban miezi mitatu. Siku hizo aliyekuwa na dirisha refu na ukuta mnene alijua thamani yake.

Sasa mto umerudi katika habari hii. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika Rufiji juu ya bonde hilo, lilianza kutoa umeme Februari 2024; mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Zamani mto ulitupelekea mti uliobeba dari. Leo unatupelekea umeme unaozungusha kompresa. Lakini mikoko huishi kwa maji matamu na tope viletwavyo na mto, na bwawa hulizuia tope. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, katika bonde lile ambamo dungu lilikuwa jibu la wazee.

Si lengo letu kumwambia mtu wa Umwe arudi kwenye dungu, wala wa Unguja ang'oe kiyoyozi chake. Lakini ubaridi haukuwa bure zama za boriti, na si bure sasa. Zamani gharama ililipwa na mkataji aliyezama topeni. Leo haki yadai kwamba wanaoishi kando ya mto huo, chini ya bati, wawe wa mwanzo kuupata ubaridi wake na si wa mwisho, na kwamba kila ajengaye pwani hii aulize kwanza upepo unatoka wapi kabla ya kuuliza waya utapita wapi.