Masika: Mambo ya kukagua katika gari kabla ya mvua

MVUA za masika, ambazo katika ukanda wa pwani na mikoa ya kaskazini mwa Tanzania hunyesha kati ya Machi na Mei, huyakuta magari mengi yakiwa na kasoro ambazo wakati wa kiangazi hazikuonekana. Athari zake si ndogo. Aprili 2024, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia kutokana na mvua na mafuriko. Mwezi huohuo, gari la shule lilisombwa na maji jijini Arusha na wanafunzi kupoteza maisha.

Ukaguzi huanzia kwenye matairi. Mifereji ya tairi ndiyo inayosukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Ikipungua kina, gari huelea juu ya utando wa maji, na hapo usukani na breki hukosa nguvu. Ndani ya mifereji kuna vinundu vyenye urefu wa milimita 1.6, tairi likilika hadi kulingana navyo, limekwisha. Kwa barabara zenye maji, ni salama zaidi kulibadili likifikia milimita tatu.

Wanaonunua magari yaliyotumika Japani hawana budi kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Lenye neno STUDLESS ni la theluji. Mpira wake laini hulika upesi kwenye joto, na hushika vibaya lami yenye maji.

Baada ya matairi hufuata breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri muda unavyopita, hivyo hubadilishwa takriban kila baada ya miaka miwili. Waipa zinazoacha michirizi kwenye kioo zibadilishwe, na chombo cha maji ya kuoshea kioo kijazwe. Taa zote zikaguliwe, zikiwamo za nyuma, kwa kuwa mvua kubwa humnyima anayefuata uwezo wa kuliona gari lililo mbele yake. Kioo kikiingia ukungu, kiyoyozi huuondoa haraka.

Hata hivyo, hakuna matengenezo yanayoliwezesha gari kushindana na mafuriko. Maji ya kina cha sentimita 30, yaani chini ya goti la mtu mzima, yanatosha kuyaelesha magari mengi madogo. Yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kusomba hata magari makubwa ya familia. Isitoshe, maji yakiingia kwenye injini kupitia njia ya hewa, huweza kupinda konrodi. Gari likizimika ndani ya maji lisiwashwe tena.

Dereva aliyevuka dimbwi salama hana budi kukanyaga breki taratibu mara kadhaa ili zikauke kabla ya kuongeza mwendo.

Aidha, kabla ya safari ndefu ni vyema kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na kuweka garini tochi, jeki, tairi la akiba na pembetatu za tahadhari. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayekuta maji yakipita juu ya daraja asubiri yapungue au ageuze gari, hata kama aliyemtangulia amevuka.