"Njo vile": mzee anapopotewa na maneno

Hapa kwetu katika komini ya Kenya, Lubumbashi, mzee akipotewa na maneno kwa ghafla watu hawaulizi mengi. Wanasema tu: "Balimufunga ulimi." Ni nani aliyemfunga? Hapo ndipo matata yanapoanza, na mara nyingi yanamwangukia mtu asiye na wa kumtetea: mjane, bibi wa pili, mtoto yatima. Wenzangu katika kitabu hiki wameandika juu ya arusi, matanga na ngoma. Mimi niliomba nafasi niandike juu ya kinywa cha mzee, maana desturi zetu karibu zote zimekaa mle ndani, na juu ya ubongo unaokiendesha.

Nianzie nyumbani. Mwaka 1996 baba mukubwa wangu aliamka asubuhi mkono wa kuume umelegea na mdomo umepinda. Tansyo alikuwa nayo siku nyingi. Dawa anakunywa leo, anaacha juma zima. Alikuwa mtu wa Luapula, upande wa Kasenga. Kibemba alikinyonya kwa mama yake. Kifaransa kidogo alikipata kwa mapadri, Kiswahili kazini Union Minière, na Kiluba kwa bibi yake, mtu wa Malemba-Nkulu. Lugha nne ndani ya kichwa kimoja! Tena alikuwa msemaji. Mahari ya watoto wetu wote ni yeye aliyeizungumza. Siku ile, katika lugha zote nne, alibakiwa na maneno mawili: "Njo vile."

Unataka maji, baba? Njo vile. Unaumwa wapi? Njo vile. Sauti ilibadilika, mara ya hasira, mara ya kubembeleza, mara kama anauliza, lakini maneno yalikuwa yale yale. Siku ya nne ndugu wakakusanyika. Mule nyumbani mulikuwa mtoto wa kike wa miaka kama kumi, yatima wa dada yetu. Mzee mmoja wa jamaa akainama karibu na kitanda, akauliza: "Yaya, ni huyu mutoto njo anakuloga?" Baba mukubwa akajibu wazi kabisa, mbele ya watu kumi na zaidi: "Njo vile."

Kwetu neno la mgonjwa mzee ni ushahidi, hata kuliko karatasi. Usiku ule ule mtoto alitolewa nyumbani, na kulikuwa na watu waliotaka apelekwe mbali zaidi.

Sasa niruhusuni niende Paris kidogo, maana jambo hili lina babu yake huko. Katika hospitali ya Bicêtre aliishi mtu mmoja jina lake Leborgne, zaidi ya miaka 20, na neno lake lilikuwa moja tu: "tan". Aliulizwa hili, "tan tan". Aliulizwa lile, "tan tan". Wagonjwa wenzake walimwita hivyo hivyo, Tan. Alielewa mengi ya yale aliyoambiwa, na alipokosa kueleweka alikasirika sana. Alikufa mwezi wa nne 1861. Daktari Paul Broca akafungua kichwa chake, akakuta kidonda upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Ulimi ulikuwa mzima, koo nzima. Kilichoharibika ni mahali panapotayarisha maneno. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: hao wanasema maneno mengi kama maji, lakini hayana maana, na ya wengine hawayaelewi vizuri. Kwetu wagonjwa wa namna hii wanaitwa wazimu haraka sana. Waganga wa hospitali wanaita hali zote hizi afazia.

Tena upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kuume. Ndiyo sababu mkono wa baba mukubwa na maneno yake viliondoka asubuhi moja. Mshipa wa damu uliziba au ulipasuka upande ule, na jirani wawili wakaungua kwa moto mmoja.

Aliyetuokoa sisi hakuwa daktari. Ni binamu yangu infirmie, kijana mwenye mdomo, ambaye alifika siku ya sita akakuta kesi imekwisha kukatwa. Aliomba ruhusa, akakaa karibu na mzee, akauliza kwa adabu: "Baba mukubwa, weye ni mwanamuke?" Njo vile. "Ni mimi njo nakuloga?" Njo vile. "Tuko Bruxelles?" Njo vile. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Yule mzee wa jamaa aliyeuliza swali la kwanza alivaa kofia yake akatoka nje. Baba mukubwa naye alikuwa analia. Nadhani yeye alikuwa anajua tangu mwanzo kinywa chake kinasema nini, na hakuweza kukizuia.

Juu ya nini maneno mawili yale yabaki na mengine yapotee? Maneno tunayoyasema kila siku bila kuyafikiri, kama salamu, matusi, kuhesabu, sala, hayakai sawa na yale tunayoyatafuta moja moja. Inaonekana upande wa kuume wa ubongo unasaidia kuyashika. Wimbo pia. Tangu 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu asiyeweza kusema lakini akiimba nyimbo za kanisa maneno yote yanatoka. Sisi tulijionea hayo siku ya Mungu iliyofuata: wanakwaya walikuja kumwombea, wakaanza wimbo, na mzee wetu asiye na neno akaimba beti mbili nzima kwa Kiswahili. Mama mukubwa alipiga kelele kwamba ni muujiza. Wimbo ulipokwisha alimuuliza kama amepona. Njo vile.

Kuna swali ambalo Kenya yetu, na Lubumbashi yote, inaliuliza kuliko miji mingi: lugha gani itarudi kwanza? Fikirini muji huu ulivyojengwa. Kiswahili kilikwisha kufika Katanga na misafara ya biashara, enzi za Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa 1891. Union Minière ilianzishwa 1906, Élisabethville 1910. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Kibemba chao, kutoka Kasai na Kiluba chao, na katika miaka ya 1920 kutoka Rwanda na Urundi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya soko, kisha ya watoto waliozaliwa hapa. Basi katika parsela moja ya Kenya mtu anasali kwa lugha moja, anagombana kwa nyingine, anaandika barua kwa ya tatu.

Mfaransa Ribot alifundisha katika miaka ya 1880 kwamba yaliyoingia kwanza ndiyo yanayotoka mwisho, kwa hiyo lugha ya mama ingebaki. Pitres wa Bordeaux akajibu 1895 kwamba inarudi kwanza lugha mtu aliyoizoea zaidi wakati alipougua. Wataalamu wa nyuma, kama Michel Paradis wa Montréal, wameonyesha kwamba mara nyingi lugha zinarudi pamoja, na penye tofauti hakuna sheria moja. Kwa baba mukubwa, Kibemba kilitangulia. Baada ya miezi mitatu hivi alisema "amenshi", maji, na nyumba nzima ikamletea vikombe. Lakini mzee mwingine wa avenue ya pili, Mluba wa kijijini kabisa, alirudiwa na Kiswahili cha soko, na Kiluba kikachelewa. Wajukuu zake waliona aibu, kana kwamba amewakana wazee wake. Hakumkana mtu.

Nikifikiri juu ya hayo nakumbuka lukasa ya Baluba. Ni ubao mdogo wa mti unaoshikwa mkononi, umepigiliwa shanga na simbi. Watu wa Mbudye, wenye kutunza kumbukumbu za ufalme, walipitisha vidole juu yake wakisimulia safari za Mbidi Kiluwe, ukatili wa Nkongolo, enzi ya Kalala Ilunga, na orodha ya wafalme. Wageni wameandika sana juu ya uzuri wake. Mimi naona pia busara nyingine: historia haikuachwa kinywani mwa mtu mmoja. Ilikuwa katika vidole na macho, tena katika chama kizima. Siye wa muji tumeweka yetu kinywani tu, na tansyo haibishi hodi.

Watoto nao hawako salama. Huko Kilifi, katika nchi ya Kenya (si Kenya yetu hii), watafiti waliwapima watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, na 2005 walieleza kwamba karibu mmoja kati ya wanne alibakiwa na upungufu fulani wa akili, wa mwili au wa kusema. Hapa Katanga malaria haituachi. Mtoto aliyekuwa anaongea vizuri, akalala na degedege juma moja, akaamka mzito wa maneno, ataitwaje na majirani? Mnajua ataitwaje.

Tangu wakati ule sheria imesema. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki watoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu. Mwaka 1996 hatukuwa na sheria ile. Tulikuwa na infirmie mmoja mwenye mdomo.

Mtoto wetu alirudishwa baada ya majuma mawili. Hakuna aliyemwomba msamaha; kwa watoto hatuna desturi hiyo. Ni yeye aliyemzoea mzee kuliko sisi. Alikuwa akimwonyesha sufuria, kiti, kuku, na kungoja. Sisi tulikuwa tunamalizia neno mbele yake kwa haraka, yeye alinyamaza mpaka litoke. Hakujua Kibemba, alikijifunza hivyo, neno kwa neno, kadiri kilivyokuwa kinarudi. Mbele ya kufa, 2001, baba mukubwa aliweza kusimulia, kwa vipande na kwa vidole, jinsi baba yake alivyovuka Luapula na kuingia Katanga. Habari ile ndani ya jamaa anaijua mtu mmoja tu kwa ukamilifu, na ameiandika katika kaye ya shule, Kibemba upande huu, Kiswahili upande ule.