Papa na Mpiga Mbizi: Habari za Hofu na Hatari katika Bahari ya Unguja

Neno papa katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa karibu, ingawa asili zake huenda si moja. La kwanza ni jina la samaki yule mkubwa asiye na mfupa mgumu mwilini, ila gegedu tupu. La pili ni kitendo, kupapa, yaani moyo kudunda upesi kwa hofu. Sisemi kwamba moja limezaliwa na lingine, maana wenye kutafuta asili za maneno kwa kulinganisha sauti peke yake wamekwisha kutupoteza mara nyingi. Nasema tu kwamba mwalimu wa pwani akiwauliza wanafunzi wake ni kitu gani kinachowatisha baharini, jibu la kwanza ni papa; na akiwauliza ni nani katika mji wao aliyeliwa na papa, hukaa kimya, au humtaja mtu wa kijiji kingine. Lakini akiuliza ni nani aliyezama, au aliyechukuliwa na mkondo, au aliyetoka majini miguu imekufa ganzi, majina hayakawii kuja.

Hofu hii ina historia yake, na ushahidi mmoja wa zamani tunao katika hadithi. Edward Steere, aliyekuwa baadaye Askofu wa Unguja, alizikusanya hadithi za mji huu akazitia chapa London mwaka 1870, na moja katika hizo ni kisa cha punda wa dobi. Kima alifanya urafiki na papa, akawa akimtupia matunda ya mkuyu ulioelekea baharini. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Na walipokuwa katikati ya bahari akamwambia kweli, ya kuwa sultani wa kwao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba mioyo yao huiacha mitini wakienda safari, na papa akamrudisha pwani auchukue. Mwisho wake kila mtu aujua.

Kisa hiki si cha Unguja asili yake. Katika vitabu vya kale vya Bara Hindi mnyama wa majini ni mamba. Katika Kalila na Dimna ya Kiarabu ni kasa. Kilipofika kwetu akawa papa, na katika badiliko hilo twaona watu wa Unguja walivyomfikiri. Wamemfanya rafiki anayekula matunda, mwenye sultani na wajibu wa nchi yake, tena msema kweli hata kwa kujidhuru. Hatari ya kima haimo katika meno yake. Imo katika kuuacha mti wake na kwenda penye maji mengi juu ya mgongo wa mwingine, asipojua kuogelea. Mimi naona hadithi hii inazijua hatari za bahari kuliko wengi wetu.

Wala wavuvi hawakumfanya papa zimwi. Walimpa majina kwa sura na tabia zake: papa nyundo kwa kichwa chake, papa upanga kwa pua yake yenye meno pande mbili (ingawa huyu wataalamu wamhesabu katika jamaa ya taa), na huko Mafia potwe, mkubwa kupita samaki wote, ambaye chakula chake ni vijidudu vidogo vya baharini, naye hamdhuru mtu. Walimsukia jarife la kamba nene. Nyama yake waliikausha ng'onda, nayo ni mchuzi wa nazi unaopendwa sana katika Mji Mkongwe. Na zamani za majahazi shehena za papa mkavu zilikuja na kaskazi kutoka pwani za Uarabuni na Somali, hata harufu ikatangulia chombo. Mafuta ya ini lake yaliitwa sifa, wakayapaka mbao za vyombo zisioze. Ukihesabu kwa haki, mtu wa Unguja amemla papa mara nyingi sana kuliko papa alivyomla mtu.

Sisemi kwamba hakuna papa auumaye mtu. Wako, na wavuvi wanaomtoa papa hai katika jarife wanayajua meno yake. Lakini mara nyingi papa akizoea kuwadhuru watu mahali pamoja, iko sababu ya kutafutwa. Mogadishu, katika miaka ya 1980, waogaji wengi waliumwa katika ufuo wa mji. Machinjio yalikuwa karibu na bahari, damu na matumbo ya wanyama yakimwagwa majini, na mwamba uliokuwa kinga ya ufuo ulikuwa umepasuliwa kwa kazi ya bandari. Huko Réunion, baada ya mashambulio yaliyoanza mwaka 2011, serikali ilikataza mwaka 2013 watu kuogelea nje ya maji yaliyozungukwa na miamba. Unguja sehemu kubwa ya maji ya pwani ya mashariki yamekingwa na mwamba, nayo hupwa mbali hata wanawake huenda kwa miguu kuchokoa pweza.

Kwa dunia nzima hesabu ziko. Daftari la mashambulio ya papa linalotunzwa Florida, Marekani, liliandika watu 69 walioumwa bila kumchokoza mwaka 2023, wakafa 10. Mwaka 2024 waliumwa 47, wakafa 4. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba waliokufa maji mwaka 2021 walikuwa kama 300,000. Kinyume chake, papa wanaouawa na wavuvi hukadiriwa kufika milioni 80 kwa mwaka. Hofu nyingi ya siku hizi haikutoka hata katika hadithi zetu. Ilitoka katika senema iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1975, iliyofanywa katika kitabu cha Peter Benchley. Benchley mwenyewe akaja kujutia taswira ile, akatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa.

Basi tuje kwa mpiga mbizi, maana ndiye anayedhulumiwa na hofu hii: humwelekeza kutazama nyuma yake, hali hatari i juu ya kichwa chake na ndani ya damu yake. Watu wa pwani yetu wameijua kazi hii tangu zamani, na wengine kwa machungu. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Mashariki walizamishwa kutafuta lulu katika Ghuba ya Uajemi, mpaka biashara ile ilipovunjika miaka ya 1930 kwa lulu za kufugwa za Japani. Walishuka kwa jiwe mguuni na kibanio puani. Walivaa nguo nyembamba za pamba mwilini, wajikinge na konyeza. Masikio yaliyopasuka na macho na mapafu yaliyoharibika ndiyo yaliyowamaliza.

Mzamaji wa pumzi moja hushawishika kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kushuka, akidhani ajaza kifua. Hakijazi, aiondoa hewa chafu ambayo ndiyo imwitayo mtu kupumua. Wito ukikosekana, hewa njema humwishia bila yeye kujua, akazimia karibu na uso wa maji, kimya, wala hapigi kelele.

Mwenye mtungi ana hatari nyingine. Kila mita 10 za maji huongeza uzito ulio sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu; kwa hiyo katika mita 30 abeba mara nne ya alivyobeba pwani, na naitrojeni ya hewa aivutayo huyeyuka katika damu na nyama. Akiibuka upesi, hutoka povu kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula, nalo huziba mishipa: viungo huuma, miguu hufa ganzi, na wengine hupooza. Paul Bert, Mfaransa, aliieleza sababu hii mwaka 1878. John Scott Haldane wa Uingereza akajaribu kwa mbuzi, akitazama walivyochechemea, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakatoa majedwali ya kuibuka kwa vituo. Miaka minne baadaye, mwaka 1912, ndipo mabaki ya merikebu Glasgow, iliyozamishwa mbele ya jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, yalipovunjwa katika bandari yetu.

Elimu hii ni ya zamani, lakini haijamfikia kila mtu. Katika Unguja wako wapiga mbizi wanaookota majongoo ya bahari kwa biashara ya Uchina, wengine kwa pumzi tu, wengine kwa mitungi. Na kadiri majongoo yanavyokwisha maji machache, ndivyo wanavyoshuka chini zaidi na mara nyingi zaidi kwa siku moja. Kijana akirudi amepooza, aghalabu husemwa amepigwa na shetani wa bahari, akapelekwa kwa mganga, na saa ambazo angeweza kusaidiwa kwa hewa safi ya oksijeni na chumba cha mgandamizo hupita bure. Ajabu ni kwamba lugha yetu yenye majina mengi ya papa haijatulia juu ya jina la ugonjwa huu. Mimi ningependa uitwe ugonjwa wa kuibuka, maana jina hilo lasema sababu yake, na mtoto wa darasa la nne aweza kulifahamu: kwamba kushuka hakukumdhuru, bali kupanda, kwamba apande polepole kuliko mapovu yake madogo, asimame mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3 kabla ya kutoka, wala asishuke tena siku ile kabla hajapumzika.