Ritifaa ya Ng' na Usafishaji wa Mwandiko: Habari za Karagwe na Kyerwa

Karagwe ni nchi ya ng'ombe tangu enzi za wafalme wa ukoo wa Bahinda. Speke na Grant walipofika Bweranyange mwezi wa Novemba, 1861, walimkuta Rumanyika mwenye mifugo mingi, nao wakayaandika waliyoyaona kwa hati ya Kilatini. Katika hati hiyo jina la mnyama huyu kwa Kiswahili hutegemea alama iliyo ndogo kuliko zote, yaani ritifaa. Ikiondolewa, msomaji hutamka ng kama ya ngoma. Wala si matamshi tu yaharibikayo: kung'oa ni kuondoa kitu kwa mizizi yake, na ngoa ni tamaa au wivu.

Kwa kalamu ya wino hatari hiyo ni ndogo, maana kilichoandikwa hubaki karatasini. Kalamu ya umeme ina desturi nyingine. Hupima mahali ilipo ncha mara nyingi katika sekunde moja, na vipimo hivyo huja na takataka: mtetemo wa mkono, vidoano mwanzoni na mwishoni mwa mstari, na vituo vilivyorundikana pale mkono ulipositasita. Kwa hiyo mwandiko husafishwa kabla ya kusomwa.

Kazi hii ni ya zamani kuliko vishikwambi. Bao la kuandikia la shirika la RAND, Marekani, lilitangazwa mwaka 1964, na mwaka 1966 Gabriel Groner alieleza jinsi ya kusoma mwandiko juu yake papo hapo. Ncha ilipimwa kila baada ya sekunde 4 za elfu. Kila kituo kipya kililainishwa kwa kuchanganywa na vilivyotangulia, na vilivyokaribiana mno viliachwa. Mwaka 1972 Ramer, na mwaka 1973 Douglas na Peucker, walitoa kanuni ya kupunguza vituo: hushikwa ncha mbili za mstari, hutafutwa kituo kilicho mbali zaidi na njia iliyonyooka kati yake, na kama umbali huo haufikii kiasi kilichowekwa, vyote vya katikati hutupwa.

Kanuni hiyo haiui ritifaa, kwa kuwa ncha zake mbili husalia. Muuaji ni desturi nyingine, isiyosifiwa vitabuni: kufuta kila mstari mfupi mno kwa kudhani kwamba kalamu iligusa kioo kwa bahati mbaya. Mwandishi wa Kiswahili, kadhalika, mara nyingi humaliza neno zima ndipo arudi kuweka ritifaa na nukta za i. Mashine ifuatayo mpangilio wa wakati huiona alama hiyo kama kitu kilichopotea njia. Watoto wa vijiji karibu 170 vya Tanga walipojifunzia Kiswahili kwa vishikwambi katika majaribio ya Global Learning XPRIZE ya 2017 hadi 2019, programu ya RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilikuwa na mazoezi ya kuandika. Mtoto aandikaye sawasawa akaambiwa amekosea hujifunza kuiacha ritifaa. Basi urefu wa chini wafaa kupimwa kwa kimo cha herufi jirani, na mstari mfupi ulio juu, baada ya n na g, uachwe. Kamusi haitoshi kuamua, kwani ng'oa na ngoa zote zimo.

Mwaka 2015, wapiga kura walipoandikishwa kwa mitambo ya BVR, saini zilichukuliwa pamoja na picha na alama za vidole. Kyerwa, iliyokuwa imetengwa na Karagwe mwaka 2012, ni wilaya ya mpakani, ambako utambulisho wa mtu ni jambo zito. Katika saini mtetemo wa mkono wa mzee si takataka hata kidogo. Ndio ushahidi wenyewe.

Runyambo, ambayo msamiati wake ulitolewa na Rugemalira mwaka 2002, huongeza tatizo lake. Urefu wa irabu huandikwa kwa kurudufu herufi, na ii ina nukta mbili zinazokaribiana sana. Zikiunganishwa kuwa moja, irabu ndefu husomwa fupi.