Bia Nyeusi na Jasho la Wapagazi

Siku moja katika mafundisho ya wakubwa mama mmoja aliinua mkono, akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba pombe nyeusi yaongeza damu? Bwana wangu asukuma chukudu hapa Birere, na kila jioni arudi na neno lile lile: nimekunywa ya kuongeza damu." Wote walicheka, ila yeye mwenyewe hakucheka. Saa ilikuwa imekwisha, nikamjibu kwa maneno mawili tu. Leo nataka kumjibu vema, maana swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na katika historia hiyo wamo wapagazi wengi.

Tuanze na weusi wenyewe. Bia ya kiwanda hutoka katika shayiri. Punje huloweshwa mpaka zichipue, kisha hukaushwa kwa moto ili zisiendelee kuota. Zikikaushwa kwa moto mdogo, bia hutoka ya manjano kama Primus. Zikikaa motoni zaidi, huwa za kahawia. Na zikikaangwa kama kahawa, huwa nyeusi kabisa, hata kiasi kidogo chatosha kutia giza pipa zima. Mwaka 1817 Mwingereza mmoja, Daniel Wheeler, alipata hati ya serikali kwa chombo chake cha kukaangia shayiri hivyo, pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto. Basi, weusi ule si damu wala si dawa. Ni nafaka iliyounguzwa kwa makusudi.

Mama zetu wa Masisi na Rutshuru hawakumngojea Wheeler ili wajue jambo hilo. Tazama ginsi kasiksi inavyotengenezwa. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa pamoja na nyasi, na maji yake matamu, yaani mutobe, huchujwa na kumiminwa katika mtumbwi wa mti. Juu yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya siku mbili tatu povu lapanda, na pombe ina rangi ya kahawia na ladha ya kitu kilichopita motoni. Hata jina la mtaa wetu lakumbusha kazi hiyo, kwani birere katika Kinyarwanda ni majani makavu ya mgomba. Kwa bahati mbaya, mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi. Ndizi zaiva kabla ya wakati, na ukizipasua zimeoza ndani. Tena vita navyo vimefanya kazi yake, maana mtu hawezi kungojea mgomba uzae mahali anapokimbia. Kwa hiyo kijana wa leo wa Birere akitaka pombe ya kahawia ao nyeusi huitafuta katika chupa.

Sasa twende mbali, mpaka London, mwanzoni mwa karne ya 18. Merikebu zilijaa katika mto Thames, na mizigo yote ilishushwa kwa mabega ya watu. Watu hao walipenda bia moja ya kahawia iliyokolea, iliyotunzwa miezi mingi katika mapipa makubwa, chungu kidogo na yenye kushibisha. Waliipenda hata ikaitwa kwa jina lao. Mpagazi kwa Kiingereza ni porter, na bia ile ikaitwa porter. Ile kali zaidi iliitwa stout. Huko Dublin, Arthur Guinness alipanga kiwanda mwaka 1759 kwa pauni 45 kwa mwaka, na mkataba wake ulikuwa wa miaka 9,000 (mtu huyo hakuwa na haraka ya kuhama!). Tangu 1799 kiwanda chake kiliacha bia nyingine, kikapika porter tu.

Wenye viwanda walitajirika, wakashindana kujenga mapipa makubwa kama nyumba. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la porter lilipasuka London. Mafuriko ya bia yalibomoa nyumba za maskini waliokaa nyuma ya kiwanda, wakafa watu 8, wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika katika matanga ya mtoto mdogo.

Lakini lililonishtua zaidi si pipa lile. Ni habari ya wapakuzi wa makaa ya mawe. Wengi wao walikuwa Waireland, Wakatoliki kama sisi, waliokuja London kutafuta riziki. Aliyewaandika kazi hakuwa mwenye merikebu. Alikuwa ni mwenye baa. Asubuhi yeye ndiye aliyechagua nani atashuka merikebuni, na jioni yeye ndiye aliyelipa, akiisha kukata bei ya bia. Asiyekunywa hakuitwa tena. Mtu aliweza kubeba makaa juma zima, na siku ya malipo akampelekea mke wake sarafu chache na harufu ya porter. Mwaka 1758 Bunge lilitunga sheria ya kuwakomboa, lakini wenye baa waliizunguka. Mwaka 1768 wapakuzi waligoma, damu ikamwagika, na watu 7 wakanyongwa.

Ilichukua miaka 75 mingine. Mwaka 1843, William Gladstone akiwa waziri wa biashara, sheria mpya iliweka ofisi moja ambapo wapakuzi waliandikishwa na kulipwa bila kupitia kwa mwenye baa. Mwaka ule ule Padri Theobald Mathew, Mkapuchini kutoka Ireland, alifika London. Ndiye aliyeanzisha huko Cork, mwaka 1838, chama cha watu waliojifunga kutokunywa kileo kabisa, na maelfu walimfuata. Namheshimu sana Padri huyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ofisi ile ilifanya jambo ambalo nadhiri peke yake haikuweza kulifanya. Kabla yake mtu aliyeishika nadhiri kwa uaminifu alijikuta hana kazi; baada yake aliweza kuishika na kula.

Mtu asinielewe vibaya. Kanisa halijailaani bia. Katika Rituale Romanum, kitabu cha Kilatini cha mapadri, imo sala ya kuibariki bia, na nilipoisoma mara ya kwanza seminarini nilidhani mwenzangu ananitania. Watawa wa Westmalle katika Ubelgiji wanajulikana kwa bia yao ya kahawia waliyoanza kuipika mwaka 1856, nao ni watu wa kuamka usiku kwa sala.

Katika nchi yetu, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na bia ikapata njia wazi. Mwaka 1923 kiwanda kilianzishwa Léopoldville, ndiyo Bralima ya baadaye, mama wa Primus. Bukavu nayo ikapata kiwanda. Mwaka 1957 Bralirwa ilianzishwa Gisenyi, karibu kabisa na Birere, na tangu 1963 ilipata kwa ajili ya moto wake gesi iliyotolewa katika ziwa letu Kivu. Hivyo ziwa linalotupa sambaza na maji likapika bia pia. Baadaye ikaja Turbo King, ile ya kahawia iliyokolea, ambayo watu wetu huiita nyeusi. Hata vita havikuiacha biashara hiyo. Juni 2025 Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima, ilitangaza kwamba watu wenye silaha walikuwa wametwaa majengo yake ya Goma na Bukavu.

Nikirudi kwa mama yangu wa mafundisho: nilikwenda kumtembelea bwana wake. Ni mtu mpole. Nilimwuliza kwa nini anywa kila jioni. Akanijibu: "Mwalimu, mwenye mizigo hunilipa ndani ya baa. Asema huko ndiko anakopata pesa ndogo-ndogo za kutugawia. Nikiisha kuketi nitaondokaje bila kuagiza? Na nikiisha kuagiza, kuna deni la jana." Sitataja mtu wala baa. Nilimhadithia habari ya wapakuzi wa London. Alisikiliza, akasema: "Nao walikuwa Wakatoliki?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba wasukuma chukudu watano wakikubaliana wanaweza kuomba kulipwa mahali pengine. Karibu na Petite Barrière kuna muuza sukari ambaye hakosi pesa ndogo.

Jumapili iliyofuata alinialika kwake. Ilikuwapo chupa moja ya nyeusi kwa watu watatu. Nilimwomba asiinywe kwa haraka kama mtu azimaye moto, tena asiitake baridi sana, maana baridi huua harufu. Tulimimina polepole, gilasi ikiinamishwa, tukangoja povu litulie. Tuliiinua mbele ya dirisha. Chini kabisa, nuru ilipopita, ilikuwa nyekundu kama mtama. Kwanza tulinusa. Bwana akasema: kahawa. Mimi nilisikia sukari iliyoungua. Tukaonja kidogo, tukaiacha ikae ulimini: utamu huja kwanza, uchungu hufuata nyuma, na huo ndio hukaa.

Mama alikuwa hajaionja maisha yake yote. Alichukua funda moja, akafumba macho, akacheka.

"Mwalimu," akasema, "mbona ni ukoko wa sufuria?"