Kishimo cha Kimeng'enya na Nyota ya Guangxi

Mwaka 1885 mkemia Mholanzi, Johan Eijkman, alipata asidi ngeni kutoka kwa shikimi, mti wa Japani. Asidi ya shikimiki ikakaa vitabuni zaidi ya karne nzima bila mgonjwa yeyote kuihitaji.

Hadithi ya dawa iliyokuja kuihitaji ilianzia Australia. Kirusi cha homa ya mafua kina kimeng'enya kiitwacho nyuraminidezi. Virusi vipya vinapotoka kwenye seli hunaswa na asidi ya sialiki iliyo juu yake. Kimeng'enya hukata asidi hiyo, navyo huenda kuvamia seli nyingine. Mwaka 1983 Peter Colman na wenzake, kwa fuwele alizootesha Graeme Laver, walichapisha umbo la kimeng'enya hicho. Kishimo kinachofanya ukataji kilikuwa karibu kilekile katika kila jamii ya kirusi, hata zile ambazo sehemu nyingine zimebadilika sana. Kundi la Mark von Itzstein likaunda zanamiviri, molekuli inayoiga asidi ya sialiki lakini ikishaingia kishimoni hung'ang'ania humo. Ila haifyonzwi vyema tumboni. Mgonjwa huivuta kwa pumzi.

Kampuni ya Gilead, California, ilitaka kidonge. Choung Kim na wenzake waliunda oseltamiviri: waliweka pete ya kaboni, na upande mmoja wakapachika mnyororo unaopenda mafuta. Ili uenee, kimeng'enya kililazimika kusogeza kidogo sehemu yake moja. Pete ya namna hiyo ilikuwa tayari imo katika asidi ya shikimiki, nayo hupatikana kwa wingi katika kiungo chenye umbo la nyota kinacholimwa Guangxi, China. Wapo wanaosema kiungo hicho hutibu mafua. Si kweli: chai yake haina oseltamiviri hata chembe. Mmea ulitoa malighafi. Ufundi ulitoka kwenye ramani ya kishimo.

Marekani iliidhinisha dawa zote mbili mwaka 1999. Mwaka 2005, hofu ya mafua ya ndege ilipozifanya serikali zijaze maghala, bei ya kiungo ilipaa, na Roche, iliyotengeneza kidonge, ikaongeza asidi iliyozalishwa na bakteria.

Kisha, msimu wa 2007 na 2008, virusi vingi vya mafua ya kawaida aina ya H1N1 vikawa sugu kwa oseltamiviri. Badiliko moja tu la kimeng'enya liliizuia ile sehemu kusogea. Zanamiviri, ambayo haikuhitaji kusogezewa chochote, iliendelea kuvidhibiti.