Funguo Dhaifu za Debian

Tangu Ian Murdock alipouasisi mwaka 1993, mfumo endeshi wa Debian ulisifika kwa hadhari ya watunzaji wake, watu wa kujitolea waliotawanyika katika nchi nyingi, ambao hawakuwa tayari kutoa toleo jipya mpaka nafsi zao ziridhike nalo. Na kwa sifa hiyo vyuo, mashirika na wafanyabiashara waliukabidhi seva zao bila wasiwasi.

Tarehe 13 Mei 2008 watunzaji hao hao walitangaza kwamba OpenSSL, programu itumikayo kutunga funguo za siri, ilikuwa na kasoro ndani ya Debian tangu Septemba 2006, na ya kuwa toleo la 4.0, lililotoka Aprili 2007, liliwafikia watu likiwa nayo. Hapakuwa na khiyana. Mtunzaji mmoja alionywa na chombo cha ukaguzi kwamba programu inasoma sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo haijatiwa kitu. Akauliza, akajibiwa kwa wepesi, akaiondoa mistari miwili ya msimbo iliyoleta onyo. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya nambari za nasibu, asili ya kila ufunguo. Ulipoondoka, kilichosalia kuutenga ufunguo na mwenziwe ni nambari ambayo kompyuta huipa programu inapoianzisha, na nambari hizo, kwa kawaida, hazikuzidi 32,768. Mwenye nia mbaya aliweza kuzitunga funguo zote mapema na kuziweka tayari. Na haikupita muda orodha za funguo hizo zikaenea. Msimbo ulikuwa wazi kwa macho ya ulimwengu, walakini karibu miezi ishirini ilipita kabla Luciano Bello hajaigundua kasoro. Ubuntu, iliyochipuka katika Debian, iliirithi.

Kwa aliyevunjika moyo, rai ya kuhama ilikuwa ya haki, na pa kuhamia palikuwapo: mathalan OpenBSD, mfumo ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, ambao watu wake waliufanya ukaguzi wa msimbo kuwa ada. Lakini kuhama pekee hakukutosha, na hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Seva ya OpenBSD isiyokuwa na kasoro hata moja, madhali katika faili lake la funguo zilizoidhinishwa kuingia mlikuwa na mstari mmoja uliotoka Debian, ilikuwa wazi kwa adui sawasawa na jirani yake ya Debian. Na ufunguo wa aina ya DSA, hata ukiwa umetungwa vema kwingineko, ulihesabiwa kuwa umeharibika ukitumiwa kutia saini ndani ya Debian mara moja tu. Aliyehama na funguo zake alihama na ugonjwa.

Watunzaji hawakuficha kitu: walikiri hadharani, wakatoa orodha ya funguo mbovu ili seva zizikatae zenyewe. Kwangu mimi ukiri huo ni hoja ya kubaki nao, wala si ya kuwakimbia.

Hata hivyo, mapema mwaka 2015 mtafiti mmoja alizikagua funguo za watumiaji ambazo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huziweka hadharani, akazikuta miongoni mwazo zile dhaifu za Debian zikiwa bado zinafanya kazi. GitHub ilizifuta Mei mwaka huo, miaka saba baada ya tangazo.